Taa ya Saba, Chaneli Kumi na Nne

Kazi yangu, ukiitazama kutoka nje, ilikuwa kuketi nyuma ya watu. Wao wanatazama jukwaa, mimi natazama migongo yao na kioo cha kompyuta. Sasa nimestaafu, na vijana wawili watatu wa Migori walionunua taa zao wenyewe wameniomba niandike ninachojua. Wanasema kwenye simu wanapata video nyingi, lakini watu wa huko wanaongea haraka. Mimi nitaandika polepole. Nitawaambia namna ya kufunga taa za kugeuka, na nitawaambia kuhusu msichana aliyeanguka Homa Bay, kwa sababu kwangu mambo hayo mawili ni jambo moja.

Naitwa Chacha, Mkuria wa upande wa Isebania. Aliyenifundisha kazi ni Mjaluo wa Rodi Kopany, Fundi Okeyo, aliyekuwa na duka la kukodisha spika na taa mjini Migori. Kikuria alijua neno moja tu, mura, ambalo vijana wa kwetu huitana, na akalifanya kuwa jina langu. Nacho Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki. Kwa hivyo kazi yote tuliifanya kwa Kiswahili, Kiswahili chetu sisi wawili, ambacho mwalimu yeyote angekijaza wino mwekundu.

"Mura," aliniambia siku ya kwanza, "ukishika waya yangu bila kuniuliza, leo leo unarudi Isebania."

"Na nikikuuliza?"

"Utakaa."

Nilikaa miaka mingi kuliko alivyokaa mtu mwingine yeyote kwake.

Wakati ule taa zilikuwa makopo meusi yenye glopu kubwa ndani. Ukitaka mwanga mwekundu, unapanda ngazi na karatasi nyekundu ya plastiki, unaiweka mbele ya kopo. Bwana harusi akibadilisha mawazo, unapanda tena na ya buluu. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia havisikii joto vizuri mpaka leo. Ninyi mnabonyeza rangi kwenye kompyuta na taa kumi na mbili zinageuka pamoja. Siwaonei wivu, nawaambia tu kwamba kopo lilikuwa na uzuri mmoja. Kopo likikataa kuwaka, ulijua limekataa. Halikuwa na akili ya kufanya jambo lingine.

Halafu zikaja taa za LED, halafu zile zinazogeuza shingo. Okeyo alileta nane kwa mpigo. Zilikuja ndani ya masanduku mazuri, na kijitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kichina kitupu, isipokuwa neno moja la Kiingereza kwenye jalada lililosema hongera.

Tulizifunga sakafuni dukani, moja baada ya nyingine, tukanunua daftari la shule. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, Okeyo akaketi kwenye kreti ya soda mbele ya taa. Napandisha chaneli ya kwanza, yeye anasema anachoona, mimi naandika.

"Inageuka kushoto… kulia. Inageuka tu."

Chaneli ya pili.

"Hakuna kitu. Ngoja. Imetikisika kidogo, kama mtu amesikia jina lake."

Chaneli ya tatu.

"Inainama. Sasa inainuka. Mura, inaniangalia!"

Tulikwenda hivyo mpaka chaneli ya kumi na sita, ambayo nilipoipandisha mpaka juu taa ilizima, ikajipinda shingo, ikazunguka mara mbili na kulala. Okeyo aliruka kutoka kwenye kreti. Ilikuwa imejianzisha upya tu. Daftari lile lilitufaa kuliko kijitabu chochote. Hata leo, ukiuziwa taa ambayo haimo kwenye orodha ya programu yako, fanya hivyo hivyo. Pandisha chaneli moja moja, angalia, andika. Usikisie.

Sasa nieleze jinsi taa inavyosikia, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyotokea.

Kompyuta inatuma namba kwenye waya. Waya mmoja una nafasi mia tano na kumi na mbili, ndizo tunaziita chaneli, na kila chaneli inabeba namba kuanzia sufuri mpaka mia mbili hamsini na tano. Namba hizo zinapita kwenye kila taa, na kila taa inazisikia zote. Ili taa ijue zipi ni zake, unaiambia mambo mawili kwenye kidirisha kilicho mgongoni mwake. La kwanza ni anwani, yaani ianze kusoma wapi. La pili ni modi, yaani isome chaneli ngapi na kwa mpangilio gani. Taa zetu zilisoma kumi na sita. Kwa hivyo ya kwanza ilianzia moja, ya pili kumi na saba, ya tatu thelathini na tatu, na kuendelea. Ya saba ilianzia tisini na saba.

Kwenye upande wa kompyuta nako unaiambia programu hayo hayo: nina taa nane za aina hii, modi ya kumi na sita, anwani hizi. Pande mbili zikikubaliana, mnaongea. Anwani ikiwa na kosa utaliona upesi, kwa sababu taa itafanya kazi ya jirani yake au haitafanya lolote. Modi ikiwa na kosa ni hatari zaidi. Taa inasikia unachosema, ila inakielewa vingine. Unaiambia tembea polepole, yenyewe inaelewa pepesa.

Makosa madogo niliyafanya mengi, na mengine yalichekesha. Kwenye harusi moja Migori nilining'iniza taa zote kichwa chini juu ya dari, nikasahau kuiambia programu kwamba ziko kichwa chini. Bibi harusi anaingia, mimi nataka mwanga upande juu kwa heshima, nazo taa zote nane zikaushusha kwenye mapaja ya nyanya yake aliyekuwa mstari wa mbele. Yule mama mzee alijitazama, akapangusa gauni, akaketi wima kama mtu aliyechaguliwa. Hakuna aliyejua ni kosa. Programu zote siku hizi zina alama ya kugeuza hilo. Ibonyeze kabla watu hawajaingia.

Mara nyingine nilipungukiwa na waya, nikachukua waya wa maiki kwa sababu plagi zinafanana. Taa za mwisho zikaanza kutetemeka kama zina malaria. Okeyo aliziangalia. Alitoka, akarudi na plagi ndogo aliyoifungia rezista ndani, kijidude cha kuzuia namba zisirudi nyuma, akaichomeka kwenye taa ya mwisho, na mtetemeko ukapungua. Jioni ndipo aliposema, "Waya ya maiki ni ya kuimba. Ya taa ni ya taa." Tangu siku hiyo nilibeba plagi kama ile mfukoni, na waya zangu za taa nikazifunga utepe wa kijani.

Hayo ni makosa ya kucheka. La Homa Bay halikuwa.

Kulikuwa na mashindano ya kwaya za vijana mjini Homa Bay, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wenye mapazia mazito. Tulitoka Migori alfajiri na pikapu, taa nane nyuma. Kufika na kuzijaribu, ya saba haikuwaka. Fyuzi nzima, waya mzima, taa imekufa. Okeyo alikuwa na nyingine ya akiba, aliyoinunua baadaye kwa mtu mwingine. Kwa nje ilifanana na wenzake kabisa. Niliipandisha, nikaiwekea anwani tisini na saba, nikashuka ngazi.

Kwenye kompyuta nikaziwasha zote. Saba zikawaka. Ile mpya ikageuka na wenzake, lakini haikutoa mwanga.

Nilipaswa kupanda ngazi tena. Ningesoma kidirisha kwa dakika moja, nione modi. Lakini kwaya ya kwanza ilikuwa tayari imejipanga mlangoni, na ngazi ilikuwa imeondolewa kupisha wazazi. Okeyo aliniuliza kwa mbali kwa ishara ya mkono: hiyo iko na nini? Nami nikamjibu kwa mkono: imekufa, iache. Saba zilitosha. Nikaiacha pale juu, imechomekwa kwenye stima, imechomekwa kwenye waya wa namba, ule wa DMX, inasikia kila kitu.

Kwaya tatu ziliimba bila shida. Ya nne ilitoka Rangwe. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mnene mpole aitwaye Apiyo, na mwimbaji wao kiongozi msichana wa miaka kumi na saba, Lavenda. Alisimama safu ya tatu, juu kabisa ya mabenchi, na mabega yake yalikuwa makubwa kidogo kuliko wenzake, kama ya mtu anayebeba maji. Wimbo wao ulikuwa wa taratibu. Nikataka taa zitembee polepole kufuatana nao. Kwenye taa zetu chaneli ya tano ndiyo ya mwendo: sufuri ni haraka, ukiipandisha zinapunguza. Mchana wote ilikuwa sufuri. Sasa nikaipandisha mpaka mia mbili.

Taa ya saba ilikuwa kwenye modi ya kumi na nne. Katika modi hiyo chaneli ya tano si ya mwendo, ni ya mlango wa mwanga. Sufuri, mlango umefungwa. Ndiyo maana niliiona kama imekufa. Mia mbili, unafunguka na kujifunga mbio mbio.

Ikaanza kupepesa, mweupe, moja kwa moja kwenye safu ya tatu.

Niliona Lavenda akiacha kuimba. Hakuanguka mara moja. Alitazama taa ile kama mtu anayejaribu kusoma kitu kilicho mbali, shingo ikageuka upande mmoja, kisha akaenda chini kutoka kwenye benchi, na nilisikia bega lake likigonga sakafu kabla sijasikia mayowe.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nikabonyeza kitufe cha kuzima taa zote. Programu ilituma sufuri kwenye chaneli ya mwanga ya kila taa, yaani ya sita, na taa saba zikazima. Iliyobaki, ile ya saba, chaneli yake ya mwanga ilikuwa kwingine. Ukumbi mzima ukawa giza, mapazia yamefungwa, na katikati ya giza taa moja inapepesa juu ya msichana aliyekuwa anatupa mikono na miguu sakafuni.

Nilikimbia nikang'oa plagi ya umeme ukutani. Tangu mwanzo mpaka hapo zilipita sekunde chache sana. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

Mtu akafungua mapazia. Mwalimu Apiyo alikuwa tayari amepiga magoti, amemlaza Lavenda kwa ubavu, anawafukuza watu. Mzee mmoja alikuja na kijiko akitaka kukiweka mdomoni mwa mtoto. Apiyo alimnyang'anya akakitupa chini ya mabenchi. Nyuma yangu mama mmoja alianza kuomba kwa sauti. Nilisikia neno mapepo, halafu nikalisikia tena upande mwingine. Hakuna aliyetazama juu.

Walimpeleka hospitali na gari la kwaya. Mashindano yakaendelea bila taa, mapazia wazi. Mimi nilipanda ngazi, nikasoma kidirisha cha taa ya saba. Kilisema 14.

Okeyo alikuwa anakunja waya nilipomwonyesha. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Basi weka kwa sanduku. Twende nyumbani."

"Wamesema ni mapepo, Fundi."

"Watu husema. Kesho watasema kingine." Aliendelea kukunja waya. "Mura, sikiza. Tukisema ni taa, hakuna kanisa kuanzia hapa mpaka Rongo itatuita tena. Na huyo mtoto hatapona kwa sababu wewe umesema."

"Daktari hajui alikuwa anaangalia nini."

"Daktari amesoma. Atajua."

Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma kila kidirisha, kuandika badala ya kukisia, na siku hiyo ananiomba nisisome. Sikumwona mbaya. Nilimwona mzee aliyeogopa. Tulipakia taa. Tulipofika njia ya hospitali nikamwomba anishushe, naye alisimama getini bila kuzima injini, akaondoka bila kuniangalia.

Lavenda alikuwa kwenye kitanda, mkono umefungwa kifuani. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Alikuwa macho lakini mzito, kama mtu aliyeamshwa kutoka usingizi wa mchana. Mama yake alikuwa amefika kutoka Rangwe, anauza mitumba huko, na bado alikuwa na kamba ya mizigo kiunoni. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alikuwa anauliza, na mama anajibu.

"Alikuwa anafanya nini kabla?"

"Kuimba tu, daktari. Ameimba tangu utoto."

"Alikuwa amekula? Alilala vizuri?"

"Alikula. Alilala."

Niligonga mlango ambao ulikuwa wazi. "Samahani. Mimi ni mtu wa taa."

Wote watatu walinitazama. Nikaeleza, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Nilisema taa ilikuwa na modi isiyo yake, kwamba ilimpepesa usoni, kwamba niliiona imekufa nikaiacha, na kwamba nilipozima nyingine ilibaki peke yake gizani. Daktari aliacha kuandika.

"Ilikuwa inapepesa kwa kasi gani?"

"Mara kumi kwa sekunde. Labda zaidi kidogo."

"Una uhakika?"

"Ndiyo kazi yangu."

Aliandika. Mama yake Lavenda alisimama, akanisogelea. Alikuwa mfupi, lakini sikumbuki kumwangalia kutoka juu.

"Wewe ndiye wa taa?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Umetoka Migori kuja kuangusha mtoto wangu?"

"Sikukusudia. Lakini ni mimi."

Alitaka kusema kingine. Nadhani angenipiga, na ningekubali. Lakini Lavenda aliongea kutoka kitandani, sauti ndogo, kwa Kijaluo kwanza, kisha daktari akamwomba arudie kwa Kiswahili.

"Si mara ya kwanza," alisema.

Mama yake aligeuka.

"Hata kwa barabara ya Rodi. Jua likipita katikati ya miti, gari ikikimbia. Mimi hupotea kidogo. Nikirudi, nakuta tumepita Rodi na sikumbuki."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la saba."

"Hukuniambia, nyathina, mwanangu? Mama yako?"

"Ningesema wangeniondoa kwaya. Wangesema nina mashetani." Akavuta shuka kwa mkono mzima. "Sasa yeye amesema yake, na mimi nasema yangu."

Hapo mama yake aliketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kufungua ile kamba kiunoni, akashindwa na fundo lake mwenyewe. Daktari akamsaidia. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye varanda, na nilikaa pale mpaka nilipokumbuka kwamba sina gari la kunirudisha Migori.

Lavenda alipewa dawa, na dawa ilimfaa. Hiyo ilikuwa kazi ya daktari, si yangu. Lakini kule Rangwe maneno hayakuisha. Wazee wa kanisa walimwomba Mwalimu Apiyo ampumzishe msichana, na kila mtu alijua kupumzishwa ni nini. Apiyo alinipigia simu. Hakunilaumu wala hakunisamehe. Aliniambia siku na saa.

Nilikwenda na taa ya saba ndani ya gunia, juu ya boda boda kutoka Rodi, nimeikumbatia kama mbuzi wa mahari. Niliiweka mezani mbele ya wazee watano, mchana, nikaichomeka, nikawaonyesha kidirisha. Nikabonyeza: 14. Nikabonyeza: 16. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu, ila kwa maneno machache zaidi, kwa sababu wazee hawana subira ya chaneli. Sikuipepesa. Mmoja aliomba nimwonyeshe, nikakataa.

Mzee mkubwa wao alivaa miwani akainama kusoma. "Kwa hivyo, hilo pepo ni hii namba?"

"Mambo ya pepo siyajui, mzee. Hii namba naijua."

Mmoja alicheka, akajizuia. Walizungumza kwa Kijaluo muda mrefu. Mwisho mzee yule aliniambia, "Umekuja mbali kujisema ubaya," na sikujua kama ni sifa. Lavenda alibaki kwenye kwaya.

Okeyo alitimiza aliyosema, au dunia ilimtimizia. Makanisa mawili yaliacha kutuita. Kwa miezi kadhaa tulifanya kazi kama watu waliokutana stendi: shika hapa, vuta, sawa. Hakuniita mura. Hajanikubalia mpaka leo. Yuko kwake Rodi, macho yamepungua, na nikienda kumtembelea husema ningeweza kungoja mpaka Jumatatu, wakati hasira za watu zimepoa. Labda. Nimefikiria hilo kwa utulivu, na bado sijaona Jumatatu ingemsaidiaje yule msichana.

Lakini mwaka uliofuata Apiyo alipiga simu dukani. Kwaya ya Rangwe ilikuwa na onyesho lake yenyewe Homa Bay, Jumapili mchana, ukumbi ule ule. Mama yake Lavenda alikuwa amesema taa zifungwe na yule Mkuria, au zisifungwe. Okeyo alisikiliza simu, akanipa, akatoka nje. Asubuhi ya safari nilimkuta tayari kwenye pikapu.

Ukumbini alikataa nipande ngazi. Alipanda mwenyewe, na umri ule, taa moja moja, akasoma kila kidirisha kwa sauti ili niandike.

"Moja. Modi kumi na sita."

"Nimeandika."

"Kumi na saba. Modi kumi na sita."

"Nimeandika."

Alipofika ya saba alisoma mara mbili, akashuka, akapumzika kwenye ngazi ya chini, jasho linamtoka.

Kwenye programu nilifuta kila kitu cha kupepesa, kwenye kila taa, ili hata mkono ukiteleza pasiwe na cha kugusa. Swichi ya umeme nikaivuta mpaka karibu na goti langu. Fanyeni hivyo. Taa isiyokutii ing'oe kwenye stima. Usiiache juu eti imekufa. Na kabla ya onyesho waulizeni watu, kwa lugha yao, kama kuna anayeumwa na mwanga. Watanyamaza. Ulizeni tena.

Nilizipa taa rangi moja, ya asali, na mahali pamoja, nikaziacha. Watu walilipia taa za kugeuka na wakapata taa zilizosimama. Nilisikia kijana mbele yangu akimwambia mwenzake kwamba hizi za leo zimeharibika.

Lavenda alitoka akasimama mbele, chini, si kwenye mabenchi. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa kwanza, ukingoni kabisa mwa kiti. Ubeti wa kwanza msichana aliuimba macho yamefungwa. Niliona, na nadhani Okeyo aliona, kwa sababu alikuja kusimama nyuma yangu na mkono wake ukashika mgongo wa kiti changu. Sauti ilikuwa nzuri. Kwenye kiitikio wenzake walimpokea, na alipowapokea tena kwa ubeti wa pili alifungua macho, akainua uso, akazitazama taa. Alizitazama zote, moja baada ya nyingine, kutoka kushoto mpaka kulia, bila kuharakisha, akiimba.

Niliondoa mikono yangu kwenye kompyuta nikaiweka mapajani.